Kabla ya Roma: mababu wa Waitalia walikuwa akina nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Malindi, kazi yangu kutembeza wageni Gede na mji wa kale. Wageni wangu wengi ni Waitalia. Juzi nilikuwa nikiwaeleza asili ya Waswahili, mmoja akasema wao asili yao ni Roma, basi. Mwenzake wa Toscana akakataa: babu zake ni Waetruski, watu wa kale wa kwao, waliotoka Uturuki kwa majahazi. Mama mmoja wa Sardinia akawacheka wote wawili, akasema watu wa kwao walikuwapo kabla ya hao wote. Nilikosa la kusema. Akiolojia inasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wageni wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila huyo mama wa Sardinia ndiye aliyeshika kikubwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kosa la kwanza ninalopambana nalo kwa vijana wanaoanza kazi hii ya kuchimba ni hilohilo la kutafuta babu mmoja. Italia haina babu mmoja. Ina makundi matatu makubwa ya watu waliofika kwa nyakati zilizoachana sana, wakakutana, wakaoana, na hayo yote yalikuwa yamekwisha kutokea kabla Roma haijaitwa Roma. Warumi wenyewe walihesabu kwamba mji wao ulianzishwa mwaka 753 KK. Kwa mtu anayesoma tabaka za udongo, hiyo ni juzi.

Nianze na wale ambao si mababu, maana hapo wengi hupotea. Kwenye mlima Circeo, kusini ya Roma, kuna pango liitwalo Guattari. Mwaka 1939 lilipatikana humo fuvu la Mneandertali, aina ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, na mwaka 2021 yakatangazwa mabaki ya wengine tisa, mifupa yao imetafunwa na fisi. Watu hao waliishi Italia kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini Mwitalia wa leo amebeba kama asilimia 2 tu ya urithi wao, karibu sawa na Mjerumani au Mchina. Kisha wakaja binadamu kama sisi. Katika pango la Arene Candide, pwani ya Liguria, mwaka 1942 alifukuliwa kijana wa miaka kama 15 aliyezikwa yapata miaka 28,000 iliyopita. Kichwani alikuwa na kofia iliyoshonewa mamia ya magamba ya konokono wa baharini, na mkononi kisu kirefu cha jiwe la gumegume. Waitalia wanamwita Mwana wa Mfalme. Ukimtazama unasema huyu lazima awe babu wa mtu. Lakini utafiti wa DNA uliotolewa mwaka 2023 umeonyesha kwamba watu wa ukoo wake karibu walifutika Italia wakati baridi ya zama za barafu ilipozidi, na nafasi yao ikachukuliwa na wawindaji wengine waliotokea mashariki. Kuzikwa katika ardhi ya nchi hakukufanyi babu wa wanaoishi humo leo. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Wa hao wawindaji wapya tunamjua mmoja kwa karibu. Mwaka 1988, chini ya mwamba wa Villabruna katika mkoa wa Veneto, lilipatikana kaburi la mwanamume wa miaka kama 25 aliyekufa miaka 14,000 iliyopita. Alikuwa na jino lililooza, na ndani ya tundu la jino hilo kumeonekana mikwaruzo ya ncha ya jiwe. Kuna mtu alikaa mbele yake akamkwangua uozo kwa kijiwe cha gumegume, naye akavumilia. Ndiyo tiba ya jino lililooza ya kale kuliko zote tunazozijua. Huyu, tofauti na Mwana wa Mfalme, ameacha damu yake. Ni kidogo, lakini imo.

Sasa tufike baharini, sehemu ambayo mtu wa Malindi ataielewa upesi kuliko mwanafunzi wangu yeyote wa bara. Yapata mwaka 6000 KK walianza kutua Puglia, kwenye kisigino cha Italia, watu waliokuja na mbegu za ngano na shayiri, kondoo, mbuzi, ng'ombe na vyungu. Asili yao ni wakulima wa Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, na walisogea kizazi baada ya kizazi kupitia Ugiriki na pwani za Balkani. Tunawafuata kwa vigae vyao: kabla ya kuchoma chungu, walikuwa wakigandamiza ukingo wa kombe la pwani kwenye udongo mbichi ukaacha safu za meno madogo. Kigae cha namna hiyo ukikiokota Puglia, Sisilia au Liguria unajua ni wao. Kwenye tambarare ya Tavoliere walichimba mahandaki ya mviringo kuzunguka vijiji vyao. Mamia ya vijiji hivyo yalikuja kuonekana wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale afisa Mwingereza John Bradford alipotazama picha zilizopigwa kutoka ndege za kivita akaona duara baada ya duara katika mashamba.

Lakini walivukaje na ng'ombe? Jibu lilipatikana mwaka 1989 chini ya maji ya ziwa Bracciano, karibu na Roma, mahali paitwapo La Marmotta. Kijiji kizima cha wakulima wa kati ya mwaka 5700 na 5100 KK kimelala pale, karibu mita 300 kutoka ufukweni, kimefunikwa na tope, na tope ndilo lililohifadhi nguzo za nyumba, vikapu, kamba, mundu zenye mipini yake. Na mitumbwi mitano. Mkubwa wao ni gogo moja la mti mgumu wa mwaloni, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, limechongwa ndani kama mtumbwi wowote unaoujua wewe. Ukiinama kuutazama vizuri unaona sakafuni mataruma manne yaliyoachwa katika mti wenyewe, si ya kupachikwa, ili gogo lisipasuke na lisipinduke. Na kwenye ubavu wake vimepatikana vipande vitatu vya mti vyenye umbo la herufi T, kila kimoja na matundu yake. Watafiti wanaona matundu hayo ni ya kamba, ama za tanga, ama za kufunga mtumbwi kwa mwenziwe, au labda kwa mrengu. Miaka 7,500 iliyopita! Ziwani hapohapo pana vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kutoka visiwa vya Lipari na Palmarola, maana yake mizigo ilikuwa ikivuka bahari. Ukipata mgeni kutoka Roma, mwambie mtumbwi huo uko kwenye Jumba la Makumbusho ya Ustaarabu mjini kwao. Wengi wameishi karibu nao maisha yao yote hawajaenda kuutazama.

Hawa wakulima ndio kundi zito. Wawindaji waliowakuta hawakuwa wengi, na kadiri vizazi vilivyopita walimezwa.

Na hapa namleta Ötzi. Tarehe 19 Septemba 1991, mke na mume Wajerumani, Erika na Helmut Simon, walikuwa wakishuka kutoka kilele katika milima ya Alpi, juu ya mita 3,200, wakaona mgongo wa mtu umechomoza kwenye barafu inayoyeyuka. Ilidhaniwa ni mpanda mlima aliyepotea miaka ya karibuni, hata wakamchimbua kwa mashine ya kutoboa mawe ikamjeruhi nyonga. Kumbe alikufa kati ya mwaka 3350 na 3100 KK. Wapima mpaka walipokwenda kuhakikisha, alikuwa ndani ya Italia kwa mita 92 na kitu. Upande wa pili ni Austria.

Nimewahi kusimama mbele ya dirisha dogo la chumba chake katika jumba la makumbusho la Bolzano, mji wa kaskazini ya Italia. Wamemweka katika baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na mara kwa mara humnyunyizia maji yagande juu yake, kwa hiyo ngozi inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Ni mtu mfupi, wa sentimita 160 hivi, wa miaka kama 45. Mkono wa kushoto umekatiza shingoni. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanitazama mara mbili. Ana alama 61 za masizi chini ya ngozi, mistari midogo iliyopangwa kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo viungo vyake vilikuwa vimechakaa. Mtu aliyekulia mahali ambapo wazee wana chale za dawa migongoni hahitaji kuelezwa sana kwa nini watafiti wengi wanazihesabu kuwa tiba.

Vitu vyake ndivyo vinavyosema zaidi. Alikuwa na upinde wa mita 1.82 ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, na ziaka lenye mishale 14, miwili tu ndiyo iliyokuwa tayari. Kiganja cha mkono wa kulia kina jeraha la siku chache kabla ya kifo. Tumboni mna nyama ya mbuzi mwitu na ya kulungu pamoja na ngano ya kale. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha kitu ambacho kwa miaka kumi hakuna aliyekiona: chembe ya mshale ya jiwe, imezama nyuma ya bega la kushoto, imekata mshipa mkubwa wa damu. Alipigwa kwa nyuma. Na shoka lake, lenye bapa la shaba karibu tupu, aliyemuua hakulichukua. Mwaka 2017 wapimaji wa madini walibaini shaba hiyo ilitoka kusini ya Toscana, mamia ya kilomita kutoka pale. Kwa hiyo miaka 5,000 iliyopita mali ilikuwa ikipanda kutoka katikati ya Italia mpaka Alpi.

Damu yake je? Uchunguzi wa kwanza wa jenomu yake, yaani DNA yake nzima, wa mwaka 2012, uliingiliwa na DNA ya watu wa leo walioishika maiti. Ulirudiwa, na majibu ya mwaka 2023 ni safi: zaidi ya asilimia 90 ya urithi wake ni wa wale wakulima wa Anatolia, kilichobaki ni cha wawindaji. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya Waitalia wengi wa leo, na huenda alikuwa na kipara. Sanamu yake iliyoko kwenye jumba lile imemchora mweupe mwenye nywele ndefu; ilitengenezwa kabla ya majibu hayo.

Kilichokosekana ndani ya Ötzi ndicho kinachotuonyesha kundi la tatu. Hana hata chembe ya damu ya wafugaji wa nyika zilizoko kaskazini ya Bahari Nyeusi. Waitalia wa leo wanayo. Basi iliingia baada yake. Mifupa iliyopimwa inaonyesha ilikuwa imefika kaskazini ya Italia ifikapo mwaka 2000 KK, na katikati ya nchi ifikapo 1600 KK. Pamoja na watu hao, kwa maoni ya wataalamu wengi, ndiyo ilikuja jamii ya lugha iliyozaa Kilatini na lugha za jirani zake, Kioski na Kiumbria. Ndiyo maana baba ni *pater* kwa Kilatini, *pitar* kwa Kisanskriti na *pedar* kwa Kiajemi.

Usidhani walikuja kama jeshi likateka nchi kwa msimu mmoja. Dhana hiyo imetugharimu sana, na nitakusimulia jinsi ilivyotugharimu. Katika bonde la mto Po, kaskazini ya Italia, karne ya 19, wakulima walikuwa na vilima vya udongo mweusi uliorutubika kupita kiasi. Waliuchota kwa mikokoteni wakauza kama mbolea, na kila walipochota walitoa mifupa, vigae na vitu vya bronzi, ile shaba iliyochanganywa na bati. Vilima hivyo, vilivyoitwa terramare, vilikuwa vijiji vya kati ya mwaka 1650 na 1150 KK: nyumba juu ya nguzo, boma la udongo, handaki la maji kuzunguka. Mtu mmoja, Luigi Pigorini, aliyezaliwa mwaka 1842 huko Fontanellato karibu na Parma, alivipenda vijiji hivyo mno. Alisema vimepangwa kwa mistari mnyoofu kama kambi ya askari wa Kirumi, kwa hiyo wenyewe ndio mababu wa Warumi, walioteremka kutoka ng'ambo ya Alpi wakashuka mpaka Roma na hata Taranto. Italia ilikuwa imeungana mwaka 1861 tu, watu wa Piemonte na wa Sisilia hawakuelewana hata kwa lugha, na hapa palikuwa na babu mmoja wa kuwagawia wote. Nadharia yake ilitawala kwa miongo. Ilikuwa kosa. Handaki na boma vilikuwapo kweli, lakini ule mpango wa kambi ya Kirumi aliuona zaidi kwenye karatasi yake kuliko kwenye udongo.

Simkejeli. Alijenga makumbusho makubwa mjini Roma na ameokoa vitu ambavyo vingekwisha mashambani. Lakini nikiwaza vilima vile vilivyotawanywa juu ya mazao kikapu kwa kikapu moyo unaniuma, kwa sababu vijiji vyenyewe vina kisa kizito kuliko alichokitunga. Watu wa terramare walijaa bonde lile, wakakata misitu, wakalima. Kwenye kijiji cha Santa Rosa di Poviglio, wachimbaji wamekuta kwamba mwishoni wakazi walichimba visima ndani ya handaki lenyewe, lile handaki lililokuwa limejaa maji, wakiyafuata maji yaliyokuwa yakizama. Kufikia mwaka 1150 KK hivi vijiji vyote vilikuwa vimehamwa. Walikokwenda wengi wao ni swali ambalo wenzangu bado wanabishania.

Sasa mgeni wako wa Toscana. Kauli yake ni ya kale mno: Herodoto, katika karne ya 5 KK, alisimulia kwamba njaa iliingia Lidia, ndani ya Uturuki ya leo, nusu ya watu wakapanda vyombo na mwana wa mfalme wao wakaenda kuwa Waetruski. Katika karne ya 1 KK Mgiriki mwingine, Dionisio wa Halikarnaso, alikataa akasema ni wenyeji wa Italia. Udongo unamwunga mkono Dionisio. Miji ya Waetruski kama Tarquinia, Veio na Vulci imekaa juu ya vijiji vya watu tunaowaita Wavillanova, kwa jina la kijiji karibu na Bologna ambako Giovanni Gozzadini alifukua makaburi kuanzia mwaka 1853. Watu hao waliwachoma maiti wao na kutia majivu ndani ya mitungi. Baadhi ya mitungi hiyo ni vibanda vidogo vya udongo, vina paa, mbavu za paa, na mlango mdogo unaofunguka, ili marehemu akae nyumbani kwake. Kutoka makaburi hayo mpaka ya Waetruski hakuna mkato. Mambo yanabadilika polepole, kwa watu walewale. Na mwaka 2021 ilitolewa DNA ya watu 82 wa Etruria, nchi ya Waetruski, na maeneo ya kusini yake: Waetruski walikuwa na urithi uleule wa jirani zao Walatini, wakulima wa kale pamoja na wafugaji wa nyika, bila dalili ya msafara mpya kutoka Anatolia.

Lakini lugha yao haikuwa ndugu ya Kilatini kabisa. Damu ya nyikani wanayo, lugha ya nyikani hawana. Wazungu wengi liliwashangaza hilo. Mswahili halipaswi kumshangaza. Unajua habari za mifupa ya pwani yetu iliyotolewa mwaka 2023, watu 80 kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko: kina mama Waafrika kwa wingi, na kina baba wengi wenye asili ya Uajemi, wakichanganyika tangu yapata mwaka 1000 BK. Na lugha ikabaki ya Kibantu, ikabaki ya mama. Wageni waliingia katika nyumba, nyumba ikawafundisha kusema. Kwa Waetruski nadhani palitokea jambo linalofanana na hilo. Ukimweleza mgeni wako wa Toscana ukiwa umesimama Gede, atakuelewa.

Huyo wa Roma usimnyang'anye Roma yake. Utafiti wa mwaka 2019 ulipima watu 127 kutoka Roma na viunga vyake, wa miaka 12,000, na ukaonyesha kwamba wakati wa dola ya Kirumi mji ulijaa watu wa mashariki ya Mediterania, kisha baadaye wakaingia wa kaskazini. Roma iliongeza mababu kwa wale waliokuwapo.

Na mama wa Sardinia? Wafugaji wa nyikani karibu hawakufika kisiwani kwao katika zama za bronzi. Walibaki wazao wa wakulima wale wa mitumbwi, wakajenga minara ya mawe makubwa bila chokaa wala saruji, iitwayo nuraghe. Kama 7,000 imesimama mpaka leo, na ule wa Su Nuraxi huko Barumini umeingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1997. Baadaye wakaja Wafoinike, Wakarthago na Warumi, lakini zaidi ya nusu ya urithi wa Wasardinia wa leo bado ni wa watu wa minara hiyo na waliowatangulia. Ukitafuta leo watu wanaokaribiana zaidi na Ötzi kwa damu, huwapati Bolzano, mlangoni pake, unawapata Sardinia. Akirudi Malindi, muulize nuraghe ya karibu na kijiji chao inaitwaje. Hakika ataijua kwa jina, na huenda akakusimulia alivyokuwa akiipanda alipokuwa mtoto.